Jedwali Lisilo na Alama

Anayetaka hadithi yenye mwisho atafute ya mtu mwingine. Mwisho wa hii nimewaachia nyinyi, kwa hiyo sikilizeni kama watu watakaoulizwa.

Walikuwapo mafundi watatu katika mji mmoja wa milima ya Usambara. Walifanya kazi katika chumba kimoja nyuma ya hospitali, na kazi yao ilikuwa kuutazama mtandao wa redio unaoziunganisha zahanati kumi na moja za milimani na hospitali hiyo. Kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Wa kwanza aliitwa Nakijwa, binti wa Kipare, na kipaji chake kilikuwa kusikiliza. Mtu akimwambia kwamba mashine imeharibika, yeye aliuliza ilikuwa ikifanya nini kabla haijaharibika, na kabla ya hapo, na kabla ya hapo tena. Watu walichoka kujibu. Yeye hakuchoka kuuliza.

Wa pili aliitwa Hiza, mzaliwa wa milima hiyo hiyo, na kipaji chake kilikuwa kusoma. Alisoma vitabu vya mashine kama watu wasomavyo barua kutoka nyumbani, polepole, akirudi nyuma pale alipopapenda. Alisoma hata kile kikaratasi cha onyo kinachokuja ndani ya boksi la betri.

Wa tatu aliitwa Ambakisye, alitoka Rungwe, na kipaji chake kilikuwa kupanga. Nyaya zake zilikaa kama nywele zilizosukwa, na programu alizoziandika zilisomeka kama mwandiko wa ubaoni. Hakuweza kupita mbele ya kitu kilichokaa upande bila kukinyoosha, hata kama kitu hicho hakikuwa chake.

Mwalimu wao alikuwa Bi Mwanakheri, mwanamke wa Pangani, mtu wa maneno machache. Yeye ndiye aliyeandika draiva ya mtandao ule. Draiva ni programu inayosimama kati ya kompyuta na kadi ya mtandao. Kompyuta ina ujumbe, kadi ina njia ya kuupeleka, na draiva ndiyo inayowakutanisha.

Katika kazi hiyo kuna desturi. Juu kabisa ya maandishi ya draiva huwekwa mstari mmoja wa jina la mtunzaji. Mtunzaji ndiye mwenye neno la mwisho: badiliko lolote haliingii mpaka akubali, na draiva ikileta shida hata baada ya miaka kumi, ndiye anayeitwa. Bi Mwanakheri alishikilia kwamba jina hilo liwe moja, kwa sababu kitu cha wengi kikiharibika, kila mmoja husema alidhani mwenzake anakiangalia.

Mwaka huo Bi Mwanakheri alikuwa anastaafu. Hospitali ilikubali kumwajiri mtunzaji mmoja wa kushika nafasi yake. Mikataba ya wengine wawili ingeishia hapo.

"Naondoka Jumatatu ya mwisho wa mwezi," aliwaambia. "Basi la Pangani linatoka saa nane mchana. Kabla ya saa nane nitafuta jina langu na kuandika la mmoja wenu. Msiniletee asali, wala msiniletee maneno."

"Na ndizi je, Bibi?" Hiza aliuliza.

"Ndizi lete. Nitakula njiani nikiwa nimekwisha kuandika."

Wote watatu waliitaka nafasi ile, na hawakufichana. Nakijwa alikuwa amekataa kazi ya Arusha kwa ajili yake. Hiza alikuwa na baba mgonjwa wa mguu, hakuweza kumwacha na kwenda kutafuta kazi mbali. Ambakisye alikuwa amewaandikia wazazi wake Rungwe kwamba mwaka huu, Mungu akipenda, ataacha kuitwa kibarua.

Sasa niwaeleze jambo moja la kazi yao, maana bila hilo hamtaweza kuamua.

Draiva na kadi hawaongei. Kati yao kuna majedwali, yaliyowekwa katika kumbukumbu ya kompyuta, na kila jedwali lina vyumba. Draiva huandika katika chumba kimoja ujumbe ulipo, katika kingine urefu wake, katika kingine idadi ya vipande vyake. Kisha kadi huja na kusoma. Lakini kadi haijui majina ya vyumba. Inajua kuhesabu tu. Ni kama kipofu ndani ya nyumba yake: anajua kwamba hatua nne kutoka mlangoni pana mtungi, na hakosei. Ukiuhamisha mtungi bila kumwambia, atachota hewa, na kosa halitakuwa lake.

Kwa upande mwingine, kompyuta nayo ina tabia yake. Chumba kikubwa inakitaka kianzie mahali panapolingana na ukubwa wake, na ukitanguliza chumba kidogo, itaacha pengo kati yao. Mapengo ni kumbukumbu iliyopotea bure. Kwa hiyo Bi Mwanakheri alikuwa na kanuni, na aliibandika ukutani: mkubwa atangulie, mdogo afuate. Ukiyapanga majedwali yako hivyo, vyumba vidogo huingia nyuma ya vikubwa bila kuacha nafasi, kama mtu anayepakia magunia ya viazi kwanza na vikapu vya peasi baadaye.

Kanuni hiyo ilikuwa na mpaka. Jedwali linalosomwa na kadi haliguswi, hata likikaa vibaya kiasi gani, kwa sababu mpangilio wake umeamuliwa na waliotengeneza kadi. Na ili mtu asilikosee, juu ya kila jedwali la namna hiyo huandikwa maneno mawili: *kadi inasoma*.

Basi masika ya mwaka huo dhoruba ya radi ilipita milimani, ikapiga mnara wa hospitali na ya zahanati sita. Iliunguza kadi za zahanati hizo, na iliunguza kompyuta iliyohifadhi maandishi yote ya draiva, ya sasa na ya zamani, pamoja na kumbukumbu ya kila badiliko na aliyelifanya. Nakala za akiba zilikuwa katika chumba hicho hicho. Kulikuwa na nakala moja tu iliyosalimika, nayo ilikuwa katika kompyuta ndogo ya Ambakisye, ambayo aliichukua nyumbani siku ile ili akamalize kazi.

Bila nakala ile, miaka tisa ya kazi ingekuwa majivu. Kadi mpya zilinunuliwa, zikaletwa, draiva ikaandaliwa kutoka nakala ya Ambakisye na kuwekwa katika zahanati zote kumi na moja. Ujumbe ukaanza kupita. Watu wakashukuru.

Wiki moja baadaye zahanati ya Kwemvumo ililalamika. Kwemvumo iko mbali kuliko zote, njia yake ni tope mpaka magotini, na ndiyo peke yake iliyokuwa na mashine ya kupiga picha za mifupa. Picha hupigwa huko na kusomwa na daktari wa mjini, ili mgonjwa asibebwe kwa machela siku nzima. Sasa picha zilikuwa zikiondoka Kwemvumo na hazifiki. Zilifika vipande vya juu, kisha kijivu.

Daktari wa picha alisubiri, kisha akasema, "Mashine ile inahitajika na wengi. Kama hadi Jumatatu haijaniletea picha nzima, nitaihamishia tarafa nyingine yenye barabara."

Kila mtu alizilaumu kadi mpya. Barua ya kuzirudisha kwa muuzaji ilikuwa imeandikwa, inasubiri sahihi.

Nakijwa alisema, "Isitiwe sahihi bado." Akapanda Kwemvumo. Alikaa siku mbili na Nesi Mbazi, muuguzi wa pale, akamwomba atume kila aina ya kitu: neno moja, orodha ya dawa, ripoti ya mwezi, nusu ya picha, robo ya picha. Kila kitu alikiandika katika daftari, kilichofika na kisichofika. Akaona kwamba kila ujumbe unaoweza kwenda kwa kipande kimoja unafika, na kila unaokatwa vipande viwili au zaidi unakufa.

Nesi Mbazi alimtazama akiandika, akacheka. "Nyie Wapare kweli mtauza ng'ombe kuendesha kesi ya kuku."

"Na kuku tunampata, dada," Nakijwa akajibu, na akauliza swali moja zaidi: kuna zahanati ambayo kadi yake haikuungua? Ipo, ng'ambo ya bonde. Akaenda kwa miguu. Zahanati ile haikuwa na mashine ya picha, kwa hiyo haikuwahi kutuma kitu kikubwa. Nakijwa akatuma picha aliyokuja nayo. Ikafa vile vile, kwenye kadi ya zamani. Alhamisi akarudi mjini na maneno matatu: kadi hazina kosa.

Barua ikachanwa. Sasa walijua kwamba ugonjwa uko ndani ya draiva, mahali ambapo ujumbe hukatwa vipande. Lakini mahali hapo palikuwa na majedwali ishirini na matatu, na Nakijwa hakujua lipi kati yake lilikuwa sawa na lipi si sawa.

Hiza alisema, "Kadi zote hizi ni za kiwanda kimoja. Niachieni kitabu chake." Kitabu kilikuwa na kurasa mia nane na kumi na mbili, kimeandikwa kwa Kiingereza na watu ambao Kiingereza hakikuwa lugha yao. Hakulala usiku ule, wala hakuruka ukurasa wowote wa sehemu inayohusu vipande. Aliyasoma maelezo ya chini, aliisoma orodha ya masahihisho iliyobandikwa nyuma, na huko nyuma akagundua kwamba mchoro wa ukurasa wa mia tano na saba umebatilishwa na mwingine. Mchoro sahihi ulionyesha kwamba ujumbe wa vipande vingi una jedwali lake peke yake, na mpangilio wake ni wa kushangaza: chumba kidogo kabisa, cha idadi ya vipande, kinatangulia, na kikubwa kabisa kinakuja mwisho.

"Waliotengeneza kadi hawakulelewa na Bi Mwanakheri," Hiza alisema. "Kwao mtoto ananawa mikono kabla ya babu."

Sasa walijua kadi inatarajia nini. Lakini kitabu kiliyataja majedwali kwa namba tu, na Bi Mwanakheri aliyapa majina yake mwenyewe. Katika yale ishirini na matatu, matano yalikuwa na vyumba vyenye ukubwa ule ule na idadi ile ile, na hakuna hata moja kati ya hayo matano lililokuwa na maneno *kadi inasoma*. Bi Mwanakheri mwenyewe aliyatazama, akavua miwani, akaivaa tena. Miaka tisa ilikuwa imepita, naye hakukumbuka. Kugusa lisilo lenyewe kungeweza kuzinyamazisha zahanati zote. Kulijaribu kila moja kwa uangalifu, zahanati kwa zahanati, kungechukua wiki tatu. Ilikuwa Ijumaa mchana.

Ambakisye alikuwa ameketi mezani pake, ameshika kalamu bila kuandika. Hakuna aliyemwuliza kitu. Radi ilikuwa imechoma kila ushahidi, na watu wote walikuwa wameshaamua kwamba radi ndiyo yenye makosa.

Akasema, "Jedwali ninalijua. Mimi ndiye niliyelihamisha."

Akaiweka kalamu mezani.

"Wiki ile kabla ya radi nilikuwa nayapanga majedwali, mkubwa atangulie, kama tulivyofundishwa. Nilitaka Bibi aje ayakute yamekaa vizuri. Moja lilikuwa limepinduka, kidogo mbele, kikubwa nyuma. Nilicheka nilipoliona. Halikuwa na alama, nikadhani ni haraka ya zamani tu. Nikalinyoosha. Nilikuwa bado sijamwonyesha Bibi, radi ikapiga, na nakala ikawa hiyo."

"Ulijua lini?" Nakijwa aliuliza. Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama alivyouliza siku zote.

"Uliporudi jana na habari ya vipande, nilishuku. Hiza alipotaja chumba kidogo kutangulia, nikajua."

"Kwa hiyo umelala nalo usiku mmoja."

"Ndiyo. Usiku mmoja."

Hiza akasema, "Mwenzetu, ungeweza kunyamaza mpaka Jumanne."

"Ningeweza," Ambakisye akasema. Akaonyesha jedwali, akavirudisha vyumba mahali pavyo pa zamani kwa kumbukumbu, Hiza akivilinganisha na mchoro kimoja kimoja, Nakijwa akiwa kwenye simu na Kwemvumo. Kazi yenyewe haikuchukua nusu saa.

Nesi Mbazi alituma picha ya kifundo cha mkono wa mama mmoja aliyeteleza na ndoo kisimani. Ilifika nzima, kutoka vidole mpaka kiwiko. Daktari wa picha akaitazama, akasema mfupa una ufa mdogo, afungwe huko huko, hakuna haja ya kumbeba. Kisha akasema mashine ibaki.

Jumatatu asubuhi Bi Mwanakheri aliwaita wote watatu. Begi lake lilikuwa mlangoni. Draiva ilikuwa wazi mbele yake, na jina lake lilikuwa limekwisha kufutwa. Juu ya lile jedwali alikuwa ameandika maneno mawili ambayo angepaswa kuyaandika miaka tisa iliyopita.

"Hili ni langu," alisema, akiyaonyesha. "Nilisahau alama. Mtu aliyefuata kanuni yangu aliingia shimoni nililochimba mimi. Sitaki mtu asahau hilo anapohesabu makosa. Sasa semeni. Nimewakataza maneno, lakini leo nawaruhusu."

Hiza akaanza. "Mimi nitasema bila aibu, Bibi. Kazi ya mtunzaji ni kujua kadi inataka nini. Kujua huko hakuji kwa bahati. Kadi zitabadilika, vitabu vitakuja vipya, na asiyesoma atayahamisha majedwali ya watu. Nisingesoma ule ukurasa wa nyuma, Ambakisye angekiri nini? Asingejua kwamba amekosea."

"Na usingeujua ugonjwa uko wapi, ungesoma kitabu gani?" Nakijwa akasema. "Kadi zingekuwa kwenye boksi, zinarudi dukani, nawe uko kwenye foleni ya kununua kitabu cha kadi nyingine. Mtunzaji ni mtu anayeitwa shida inapotokea. Mimi ndiye niliyekwenda."

"Hukuitwa. Ulijipeleka."

"Ndiyo maana nafaa."

Hiza alicheka, na Nakijwa naye akacheka, lakini kidogo, kwa sababu kila mmoja alijua kicheko hakitamwajiri mwenzake.

Bi Mwanakheri akamgeukia Ambakisye. "Nawe?"

"Mimi sina la kuomba, Bibi. Niliharibu."

"Sikukuuliza kama unaomba. Nimekuuliza unasemaje."

Ambakisye alifikiri. "Nasema kwamba ningetaka jina langu liandikwe. Siwezi kusema sitaki, nitakuwa nimedanganya. Na tangu Ijumaa sijagusa jedwali lolote bila kujiuliza nani mwingine analisoma. Ila sijui kama hiyo ni sababu ya kunipa, au ni adhabu yangu tu."

Bi Mwanakheri aliuegemea mkono wake na kuutazama mstari mtupu. Baadaye alinieleza yaliyopita moyoni mwake, nami nawaeleza nyinyi kama nilivyoyapokea.

Alifikiri: nikimwandika Nakijwa, draiva itakuwa na mtu ambaye haachi shida impite. Lakini Nakijwa alifika mpaka mlangoni mwa ugonjwa, na mlango ukafunguliwa na wengine. Nikimwandika Hiza, itakuwa na mtu ajuaye. Lakini Hiza aliketi na kitabu chake hapa chumbani kwa wiki nzima ambayo Kwemvumo ililalamika, na hakukifungua mpaka Nakijwa aliporudi na matope miguuni. Nikimwandika Ambakisye, nitakuwa nimemzawadia mtu kwa kuponya jeraha alilolitia mwenyewe, na wenzake wawili watauliza haki iko wapi. Lakini draiva hii ipo leo kwa sababu ya nakala yake. Na yule asiyewahi kukosea, mimi sijui atafanya nini siku atakapokosea peke yake, bila shahidi. Huyu nimekwisha kumwona. Nimemwona pia akilala na siri usiku mmoja.

Akafikiri tena: ningeandika majina matatu. Kisha akakumbuka kwa nini kwa miaka yote alikataa, na hakuona kwamba sababu ile imebadilika kwa kuwa leo inauma.

Wale niliowahi kuwasimulia hawakupatana. Mafundi wengi walimchagua Hiza. Wauguzi walimchagua Nakijwa, wakashangaa kwamba kuna swali. Bibi mmoja wa Soni alimchagua Ambakisye, na binti yake akaondoka pale akiwa amenuna. Mimi mwenyewe nimebadilisha mawazo mara mbili, na sitawaambia niko wapi sasa.

Basi ketini kwenye kiti cha Bi Mwanakheri. Mafundi watatu wamesimama mbele yenu, wawili kati yao kesho hawatakuwa na kazi. Mstari ni mmoja, unangoja, na saa nane inakaribia. Mtaandika jina la nani?